Kitenzi cha Daktari Mirta

Mwezi uliopita tulimzika Asumini, na mie nikakaa matangani Temeke tangu siku ya mazishi, nimenyoosha miguu juu ya mkeka kwa ruhusa ya umri, ninachagua mchele wa kupikia watu ambao wengi wao siwajui hata kwa sura. Siku ya pili, jua likianza kupungua, mwanawe Zawadi alikuja akaketi karibu nami. Zawadi mwenyewe sasa ana mjukuu, lakini alivyovuta ungo wangu na kuanza kuchagua pamoja nami bila kuniambia neno, nilimwona yule mtoto niliyempakata akiwa hana hata nywele. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ya chini, "Ma'mdogo Tausi, mama kabla hajakata kauli aliniambia kitu. Kaniambia, siku ya dua usiwasahau na wenzio wale. Nikamuuliza wenzangu gani, hakunijibu tena. Sasa kesho ndiyo dua, shehe ataomba majina ya marehemu wetu, na mie nilikuwaga najua ni kifungua mimba. Wenzangu gani?" Ungo ukasimama mikononi mwangu. Nilimwambia anipe mpaka kesho asubuhi, na akanipa, maana ana adabu za mama yake. Jibu nilikuwa nalo. Nimekaa nalo tangu mwaka ule nilipokuwa mkalimani wa Daktari Mirta, na sikulipata kwa umbeya. Nililipata kwa kujifunza kitenzi kimoja cha Kihispania ambacho mpaka leo nikikitamka najikuta nimekaa wima.

Mwaka ule ulikuwa ndani ya zile siku za ujamaa ambapo kila mtu alikuwa ndugu, hata mtu usiyempenda. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikapewa kazi ya mapokezi katika zahanati moja ya Temeke. Madaktari kutoka Kuba walikuwa wakija kutusaidia, na kwetu akaletwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye nywele fupi na saa kubwa ya kiume mkononi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Mganga mkuu akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Tausi, wewe ulikuwa hodari wa lugha shuleni. Kaa na huyu mama, mtaelewana." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya ukalimani. Daktari Mirta akanishika mkono, akaninyooshea kidole mdomo wake, akataja jina lake, nikataja langu. Kufikia masika nilikuwa naota kwa Kihispania, ndoto fupi fupi zenye makosa mengi.

Jumapili nilikuwa nakwenda kwake Kinondoni, kwenye nyumba ya serikali yenye sakafu nyekundu aliyoipiga dawa ya kung'arisha yeye mwenyewe, akiwa amepiga magoti huku akiimba. Sikuwahi kumwona daktari amepiga magoti sakafuni, na kwa muda sikujua nitazame wapi. Alinipikia wali uliopikwa pamoja na maharage meusi hadi wote ukawa na rangi ya kijivu. Mara ya kwanza nilidhani umeungua na mwenyeji anaona haya kusema, nikaula wote kwa heshima, nikaongezwa. Kahawa yake ilikuwa nzito, tamu kupita kiasi, kwenye vikombe vidogo ambavyo wazee wa Kariakoo wangevikubali bila kuuliza. Hapo mezani, baina ya sahani na ile kahawa, ndipo alipokuwa akinifundisha. Alinifunza kwanza kwamba kwa Kihispania kuna "wewe" ya mtoto na rafiki, na kuna "wewe" ya mtu unayemstahi, na kwamba mgonjwa yeyote, awe mchuuzi wa karanga au mke wa waziri, ataitwa kwa ile ya pili. Nikamwambia sie tuna shikamoo. Akataka nimweleze shikamoo yote, maana yake, nani anaanza, nani haamkiwi hivyo, na alipoelewa alinitazama kana kwamba nimemfungulia kabati la vyombo vya harusi.

Kitenzi chenyewe alinipa Jumapili moja mvua ilipokuwa ikinyesha. Hadi siku hiyo nilikuwa natumia "preguntar", kuuliza, kwa kila kitu, bei ya nyanya na homa ya mtoto. Akatikisa kichwa, akaandika kwa kidole juu ya meza iliyomwagika kahawa: interrogar. Nikamuuliza maana, akanieleza kwa mikono. Nilipoelewa niliogopa, nikamwambia kwetu hilo ni neno la kuhojiwa, la mtu kuitwa kwa balozi wa nyumba kumi aseme anaishi kwa kazi gani na kwa nini anaonekana kijiweni saa za kazi. Akacheka, akakubali kwamba kwao pia askari wanalo. Kisha akaacha kucheka. Akasema askari na daktari wote wamelichukua kwa sababu ni neno la kazi. Kuuliza ni kutaka kujua kitu chako na kuondoka nacho. Hii nyingine ni kukaa na mtu, kumpitisha njia moja kwa mpango, hadi akuambie kitu ambacho hata yeye hakujua kama anacho. Na kwa sababu ni jambo kubwa kumfanyia mtu, akanifundisha sentensi nzima na hakutaka nilitumie neno hilo bila hiyo sentensi: "Permítame interrogarla, señora." Niruhusu, mama, nikuhoji. Nilirudi Temeke jioni ile nikiirudia njia nzima kwa sauti, na wanawake waliokuwa wakiteka maji bombani wakasema kazi ya hospitali imeanza kunipanda kichwani.

Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko la watu wote. Chumba kilichotazamana na changu alikaa Saidi, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, na mkewe Asumini, mzaliwa wa Kilwa, mpole hata kuku walikuwa wakimpanda mapajani. Pamoja nao alikaa mama yake Saidi, Bi Somoe, aliyetoka Lindi. Huyo mama nilimwogopa. Alikuwa mrefu, macho yake hayapepesi, na marahaba yake ilikuwa inatoka baada ya kukukagua toka kichwani hadi kwenye ndala. Asumini alikuwa mjamzito, na katika nyumba ile watu hawakuutaja ujauzito wake hata kwa utani, jambo ambalo nililiona la ajabu, kwa sababu nyumba hiyohiyo ilitaja kila kitu kingine. Siku moja, nikiwa naosha vyombo nyuma ya jiko, nilimsikia Bi Somoe akimwambia mwanawe, "Sikiliza Saidi. Safari hii akitoka mikono mitupu, mtoto wa watu umrudishe kwao Kilwa, uoe. Mie sina nguvu tena za mambo haya." Nilimsikia tu Saidi akikuna sufuria iliyokwisha takata.

Wiki ile ile Asumini alikuja zahanati, Bi Somoe akiwa nyuma yake. Wakaketi kwenye viti mbele ya meza, na mie nikasimama pembeni nimejaa Kihispania changu kipya. Daktari akasema ile sentensi yake ya kuomba ruhusa, nami nikaitafsiri haraka haraka ili tufike kwenye mambo yenyewe. Habari za nyumbani? Nzuri. Mwili haujambo? Haujambo. Hii ni mimba ya ngapi? Asumini akatazama miguu yake, Bi Somoe akatazama dirisha. "Ya kwanza," Asumini akasema. Nikatafsiri. Daktari akampeleka nyuma ya pazia, akampima kwa muda mrefu, akarudi akinawa mikono. Wageni wetu walipoondoka akanikalisha. Aliniambia mwili wa yule mwanamke umewahi kuzaa, na zaidi ya mara moja. Hakukasirika. Akasema, "Wewe umeuliza, Tausi. Umepata ulichouliza. Sasa tufikirie jinsi ya ile kazi nyingine, kwa sababu kama kuna watoto waliotangulia na hawapo, nahitaji kujua walikwendaje, na nahitaji kujua kabla huyu naye hajakwenda."

Hapo ndipo niliposhika kitu kilichokuwa mbele yangu siku zote. Kwetu mtu hahesabu watoto, na asiyefikia siku ya kupewa jina hahesabiki kabisa. Hakaliwi matanga, hatajwi. Asumini hakuwa amesema uongo. Alijibu kama alivyofundishwa, na mbele ya mkwe wake asingeweza kujibu vingine hata kama angetaka, wala Bi Somoe asingeweza kumjibia jambo la tumbo la mke wa mwanawe. Kila mmoja alikuwa amefungwa na heshima ya mwenzake, na mie msichana nisiyeolewa ndiye niliyekuwa nimesimama katikati kuwauliza. Nikamwambia Daktari Mirta yote hayo kwa Kihispania changu cha kuchechemea, nikimalizia kwamba nyumbani kwetu wanawake hawazungumzi wakiwa kwenye viti wametazamana. Wanazungumza mikono ikiwa na kazi. Akaniuliza, kazi gani? Nikasema, mchele, kwa mfano. Akachukua mkoba wake palepale, akaniuliza Jumamosi mnachagua mchele saa ngapi.

Alikuja bila koti jeupe, amejifunga kanga niliyomwazima, ameifunga vibaya. Tukaketi uani kwenye mkeka mmoja, yeye, Asumini na Bi Somoe, kila mmoja na ungo wake, na daktari akawa anatoa mchele mzuri na kuacha chuya hadi Bi Somoe akashindwa kuvumilia akamshika mkono kumwonyesha. Baada ya chai, daktari akanigeukia akasema ile sentensi, polepole, na safari hii niliielewa kwa namna nyingine. Sikuipeleka kwa Asumini. Niliipeleka kwa mwenye kikao. "Bi Somoe," nikasema, "daktari anaomba ruhusa yako amdodose mkweo."

Bi Somoe akapeta ungo wake mara kadhaa. "Na nisipompa?"

Nikamtafsiria daktari, naye akajibu. "Anasema usipompa, atamaliza mchele huu, atakushukuru kwa chai, ataenda zake."

Hapo Bi Somoe akacheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza kukisikia tangu nihamie nyumba ile. "Mzungu huyu ana adabu," akasema. "Basi na aseme. Lakini wewe ni mwali, mambo haya si yako. Geuka."

Nikageuka. Niliwapa mgongo, nikatazama ukuta wa jiko uliotapakaa masizi, na kazi yote ya siku ile niliifanya nikizungumza na ukuta. Mpaka leo nadhani ndiyo sababu naikumbuka vizuri hivi, kwa kuwa sikuona uso wa mtu, nilisikia sauti na mchele tu. Nilitegemea daktari ataanza na tumbo. Hakuanza huko. Alimuuliza Asumini walipooana walikaa wapi. Keko, akasema. Chumba kilikuwaje? Kidogo, dirisha linatazama karakana ya maseremala, vumbi la mbao linaingia hadi kwenye uji. Daktari akataka kujua alipika nini siku ya kwanza, na Asumini akakumbuka, ngogwe na dagaa, na sauti yake ikalegea. Kwa nini mlihama? Ungo ukanyamaza. "Hewa ya kule haikupatana nami." Mkahamia wapi? Chang'ombe. Chumba cha Chang'ombe? Kikubwa, chenye dari. Nako mlihama kwa nini? "Hewa," akasema tena. Wakaenda Mtoni. Mtoni vilevile, chumba kizuri, majirani wazuri, wakahama. Nikiwa nimetazama masizi yale nilianza kuelewa tunapelekwa wapi, na nywele zikanisimama, kwa kuwa yule mwanamke wa Kuba alikuwa anatembea katika mitaa asiyoijua, chumba baada ya chumba, na hakukosea mlango hata mmoja. Kisha akasema maneno machache sana.

"Dada Asumini," nikauambia ukuta, "daktari anauliza, Keko mlimwacha nani."

Nilisikia kuku akidonoa punje zilizomwagika. "Mtoto wa kiume," Asumini akasema. "Alitoka amekwisha kufa."

"Na Chang'ombe?"

Asumini alikuwa analia sasa, hakuweza. Na sauti iliyojibu haikuwa yake. Ilikuwa ya Bi Somoe, kavu, iliyonyooka, ya mtu aliyesubiri miaka mingi aulizwe. "Wa Chang'ombe alikuwa wa kike. Huyo alipumua, ila siku ya jina hakuifikia. Niliyemwosha ni mie. Pua ilikuwa inakoroma kama ya mtu mzima, na viganja na nyayo zimetoka malengelenge, ngozi inavuka. Wa Mtoni, wa kiume, naye alitoka ameshakufa. Nilimwosha mie. Wote niliwaosha mie." Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mwanangu, usilie. Ulidhani mie nimewasahau?"

Nilijisahau nikageuka. Bi Somoe alikuwa amemshika Asumini kichwa, amekilaza kwenye bega lake, na Daktari Mirta ameweka ungo chini. Aliniambia nirudie habari ya pua na ya viganja. Nikairudia. Akaniambia niirudie tena. Halafu akafumba macho, na alipoyafumbua alisema kwamba ugonjwa anaoufikiria anaujua, uko kwenye damu, mtu anaweza kuishi nao bila kuusikia, na unatibika. Jina lake sitaliandika hapa. Wenye kujua watakuwa wameshajua, ni ule ambao mume na mke hupeana, ukampata na mtoto tumboni, na dawa yake ni sindano za penisilini kwa wote wawili. Damu ilipopelekwa kupimwa ikasema vivyo hivyo. Nilidhani shida sasa itakuwa ni Saidi, mwanaume gani atakubali kwenda kuchomwa sindano kwa maneno ya namna hiyo. Lakini jioni ya siku majibu yalipokuja nilimsikia mama yake ukumbini. "Kesho kabla ya kiwandani unapita zahanati kwa Tausi. Usiniulize kwa nini." Saidi akapita, amevaa shati lake la Idi, na hakumuuliza mtu yeyote neno. Habari za kumrudisha mtu Kilwa hazikusikika tena katika nyumba ile.

Zawadi alizaliwa vuli, asubuhi, pale pale zahanati. Kilio chake nilikisikia nikiwa mapokezi, nikaacha watu foleni nikakimbia, na nikamkuta Bi Somoe amemshika mbele ya dirisha, anamfungua viganja kimoja kimoja anavitazama. Vilikuwa safi. Akamfungua na nyayo. Akanitazama na macho yake yale yasiyopepesa, yakiwa yamejaa machozi, akasema, "Mwambie daktari, Bi Somoe anasema shikamoo." Nikamwambia hiyo shikamoo ni yake yeye kupokea, daktari ni mdogo kwake. "Mwambie," akasema. Nikamtafsiria, na Daktari Mirta, ambaye nilimfunza mwenyewe nani humwamkia nani, aliielewa kabla sijamaliza. Akajishika kifua, akageukia sinki akafungua maji. Mwaka ulipoisha akarudi kwao. Nilipata kazi nyingine, nikaolewa, nikahamia Ukonga, na katika maisha yangu yote nimeulizwa na watu wengi, maofisa, mahakimu wa ndoa, wakwe, watoto wangu mwenyewe, lakini sijamwona mwingine aliyeuliza vile. Kila nikikumbuka ule ukuta wa masizi nashikwa na kitu ambacho sijui nikiite nini, woga na furaha vimechanganyika, kwamba watu watatu waliweza kurudishwa na maswali kutoka mahali walipokuwa wamewekwa wasionekane.

Asubuhi ya dua Zawadi alinikuta nimeshaamka. Alileta ungo, nikamwambia aketi. Usiku nilikuwa nimejiuliza kama siri hiyo ni yangu kuitoa, na nikaona kwamba Asumini mwenyewe, kwa maneno yale, ndiye aliyemtuma kwangu, maana katika waliokuwa juu ya mkeka ule hapa nimebaki mie tu. "Mama yako hakupenda kuhesabu," nikamwambia, "na mie sitakuhesabia. Nitakupitisha nyumba. Walipooana walianza Keko, chumba kidogo, dirisha linatazama karakana ya maseremala." Nikampeleka polepole, na ngogwe nikaziweka, na dari ya Chang'ombe nikaiweka. Habari ya ugonjwa sikuiweka, hakuiuliza. Alipofika Mtoni alikuwa ameacha mchele, mikono ameiweka mapajani, ananisikiliza na mdomo umefunguka kidogo kama mtoto. "Majina yao?" akauliza. Nikamwambia hawakufikia majina. Akainuka, akamwita mwanawe mkubwa, nikamwona akimnong'oneza kwa muda mrefu, na kijana akaenda kwa shehe.

Dua ilisomwa adhuhuri, wanaume chini ya turubai, sie wanawake ukumbini, mlango umeachwa wazi tusikie. Shehe akaanza kuwataja marehemu wa nyumba ile. Akamtaja Asumini, akamtaja Saidi, akamtaja Somoe. Hapo akasita, akamuuliza kijana kitu, kijana akamrudia. Shehe akasafisha koo, akaendelea kwa sauti ileile aliyowatajia wengine, "Na wa Keko. Na wa Chang'ombe. Na wa Mtoni." Wanawake wakatazamana, hakuna aliyejua ni akina nani. Zawadi alinishika mkono, na mie na yeye tukaitikia amin kabla ya wengine.